Mashahidi Nyuma ya Kadi ya Gari

Gari lenyewe lilikuwa la kijivu, lina mkwaruzo mrefu mlango wa nyuma, na redio yake ilishika stesheni moja tu, ya mahubiri ya Kihispania. Nililipenda mpaka nikawa naona aibu. Asubuhi nikitoka nilikuwa naligonga boneti kidogo, kama mtu anavyomsalimia ng'ombe wake.

Tulilinunua Iowa, mimi na mama, wiki ile ile tuliyokuwa tunafunga mizigo kuhamia Texas. Aliyetuuzia ni mzee wa kanisani kwetu, Mkongo kama sisi, fundi cherehani wa siku nyingi. Naye alikuwa anaondoka, binti yake wa Houston amemwita akakae kwake. Sisi tulikuwa tunakwenda Grand Prairie. Tuliambiwa kuna joto na kazi zipo. Mama alitaka joto, mimi nilitaka kazi moja tu.

Kazi hiyo ilikuwa ya kuhudumia wazee majumbani kwao. Tangu tuko kambi ya wakimbizi Kigoma, nikiwa nimeishia kidato cha pili, nilikuwa najiona nimevaa zile nguo za bluu za wauguzi, natembea haraka na watu wananisubiri. Kampuni moja ya huko Texas ilinihoji kwa simu ikanikubali. Sharti lilikuwa gari. Unatoka kwa mzee huyu unakwenda kwa yule, hakuna basi la kukufikisha, kwa hiyo uwe na gari lako, limesajiliwa Texas, kwa jina lako, kabla ya siku ya kuanza. Nikasema hilo ni jambo dogo. Mimi huwa naona kila jambo ni dogo mpaka nilifikie.

Sasa niwaeleze tulivyonunua. Mzee alileta ile karatasi ya umiliki. Huku wanaiita taito, Tanzania ni kadi ya gari, mama yeye anaiita kartirozi kama walivyoiita Kongo. Nyuma kuna sehemu ya muuzaji, mzee akasaini. Kuna ya mnunuzi, nikasaini. Chini yake kulikuwa na mistari mingine mitupu, imepangwa vizuri kabisa.

"Na mashahidi?" mama akauliza.

Mzee akasema, "Mama, hii ni Amerika."

"Amerika ndiyo watu hawabadilishi maneno? Bila mashahidi hatununui."

Mzee hakubisha. Alijua mama anasema kweli. Kambini hata baiskeli haiuzwi bila watu wa kuona, wakaandika majina yao, ili kesho mtu asije akasema nilikuazima tu. Mama akaitazama ile mistari mitupu. "Si hapa hapa pa mashahidi? Wamepaacha."

Hakuna kati yetu aliyesoma yale maandishi madogo ya Kiingereza. Mama hajui kuandika, basi akapaka wino wa biki kwenye dole gumba akaligandamiza mstari wa kwanza. Shemasi wa kanisa letu, aliyekuja kutuaga, akasaini unaofuata, na jirani wa mzee naye akasaini. Wa mwisho alikuwa mama mmoja aliyekuwa anapita na sufuria ya wali wa kutuaga. Akaitua sufuria juu ya boneti, akaandika jina lake kwa mwandiko mzuri sana, wa kulala upande. Tukaweka mikono juu ya paa la gari tukaomba. Mzee akatuachia hata namba zake za gari. "Nendeni nazo, mtabadilisha mbele ya safari."

Texas ilianza vizuri. Nikakata bima. Nikapeleka gari kupimwa moshi, kijana akachomeka waya wake, akaniambia limepita, nikamshukuru kana kwamba ni yeye aliyelitengeneza. Kampuni ikanipeleka alasiri moja kwa bibi mmoja wa Cedar Hill, nijifunze kwa mhudumu aliyekuwa anaacha kazi. Bibi alinishika shavu akaniuliza kama nitarudi. Nikamwambia, mimi tena? Nitarudi mpaka unichoke.

Kisha tukaenda ofisi ya kodi ya kaunti, mahali wanaposajili magari. Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka.

Karani wa dirisha letu alikuwa mama mtu mzima, miwani yake inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Alikuwa mpole. Naomba hilo lijulikane, hakutufokea hata kidogo. Alipokea bima, leseni, cheti cha moshi, fomu yangu niliyoijaza vizuri. Akaigeuza kadi ya gari, akavaa miwani.

"Gari ni la nani?"

"Langu."

"Hapa umeshaliuza."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa ofisini.

"Mwenyewe amekuuzia wewe," akasema, anafuata kwa kucha. "Wewe umemuuzia mwenye hili dole gumba. Wa dole gumba amemuuzia huyu. Huyu kamuuzia huyu. Na huyu," kucha ikasimama kwenye ule mwandiko wa kulala, "ndiye mwenye gari."

Mama akanivuta mkono. "Anasema nini?"

"Anasema gari ni la mama wa sufuria."

"Mama wa sufuria yupi?"

"Yule wa wali."

"Mwambie hao ni mashahidi!"

Nikamwambia karani. Akauliza, mashahidi wa nini? Nikasema, kwamba gari ni letu. Akavua miwani, akanitazama jinsi watu wanavyomtazama mtoto aliyepotea dukani.

"Muulize," mama akasema, "kwao mtu ananunua kitu kikubwa hivi peke yake, kama mwizi?"

Hilo sikulitafsiri.

Karani akatueleza pole pole. Ile mistari ni ya wafanyabiashara wa magari, wanaoliuza gari tena na tena kabla ya kadi kubadilishwa. Haifutwi wala haikatwi, ukigusa tu karatasi imeharibika zaidi, na imejaa yote, hata huyu wa mwisho hana pa kukusainia. Kuna njia ya kuweka dhamana ya fedha, lakini ina safari ndefu na gharama tusizokuwa nazo, na siku yangu ya kuanza kazi ilikuwa karibu. Njia fupi ni aliyetuuzia aombe kadi mpya kule Iowa, kisha atusainie upya. "Yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai!" nikasema kwa furaha. "Yuko Houston!"

Simu ya mzee haikupatikana. Shemasi akatupa namba ya binti yake. Binti akasema, njooni, lakini mjue papa si yule mliyemwacha. Nikadhani anasema amekonda.

Kwenda na gari haikuwezekana, stika ya zile namba za Iowa ilikuwa imeisha na mama anaogopa polisi kuliko simba. Tukapanda basi. Fomu ya kuombea kadi mpya nilikuwa nimeichapisha maktaba, nimeijaza yote isipokuwa pale pa saini. Njia nzima nilikuwa nampangia mama maisha. Nikishaanza kazi, kwanza nitampeleka kwa daktari wa magoti, halafu siku moja tutakuja Houston hii hii kwa gari letu, tuone bahari.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa koti la suti juu ya nguo za kulalia. Alipomwona mama uso wote ukawaka.

"Mumefika! Na motokari yangu iko wapi?"

Mama akacheka. "Papa na utani wako."

"Iko wapi? Mumeipaki chini?"

"Papa, si ulituuzia?"

"Mimi? Niliwaazima tu."

Nilimwona mama akinyooka. Mwanamke yule alikuwa amejiandaa kwa neno hilo tangu kambini. "Tulilipa, papa, na tukaomba Mungu pamoja. Mashahidi walikuwepo!"

"Mashahidi gani? Walete."

Mama akaitoa ile kadi ndani ya kitenge, akaifungua juu ya magoti ya mzee. Mzee akaweka kidole, akayasoma majina kwa sauti, moja moja. Na kila jina lilikuwa na habari zake. Shemasi alimshonea suruali, hakurudi kuichukua mpaka leo. Jirani alikuwa anakoroma mpaka ukuta unaitikia. Alipofika kwa mama wa sufuria akapiga paja. "Huyu! Wali wake hauna chumvi, ila kuupika anajua!"

Tukacheka sote. Binti yake, aliyekuwa ametoka kazini hata viatu hajavua, alikuwa anacheka huku anapangusa macho. "Wiki nyingi hajaongea hivi," akaniambia.

"Kwa hiyo unawakumbuka, papa," mama akasema.

"Wote!"

"Na gari je?"

Mzee akamtazama kwa upole. "Ndiyo nauliza. Iko wapi?"

Binti akaniita jikoni. Alisimama ameegemea friji.

"Mdogo wangu, nikimpa kalamu atasaini. Anasaini chochote. Juzi alisaini kwenye leso ya chakula, akanipa, akasema nikatoe pesa benki. Daktari ameshaandika kwamba asisaini kitu. Kwenda mahakamani ili nimsainie mimi, nimeanza, na sijui nitamaliza lini. Siwezi kumshika baba yangu mkono akaandika. Unanielewa?"

Nikasema nakuelewa, dada. Nilimwelewa. Tuliporudi sebuleni mzee alikuwa na kalamu kwenye mfuko wa koti, ile ya kubofya, na fomu yangu ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Sikuitoa. Nilikaa karibu naye muda mrefu. Akanishonea maneno kuhusu vitambaa vya zamani. Tulipoondoka akanishika mikono yote miwili. "Mukiimaliza, muirudishe. Hakuna haraka."

Ndani ya basi, taa za Houston zilipoisha, mama akanigeukia.

"Sasa yule mzee atakufa akijua tumemchukulia gari."

"Hajui hivyo, mama. Anajua ametuazima."

"Ndiyo hivyo hivyo," akasema, akajifunika kitenge kichwani.

Siku ya kuanza kazi ilipofika nikampigia msimamizi wa kampuni. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi, kwamba nitakodi, nitaazima, nitapanda na watu. Akanisikiliza. Akasema anasikitika, sheria ni sheria, na mtu mwingine ameshapatikana. Nikipata gari niombe tena.

Nikamwambia, "Naomba umwambie huyo anayekwenda Cedar Hill asianze kumwosha bibi nywele kabla ya kumwonyesha taulo. Akiona taulo hatetemeki. Na asimwamshe kwa kumgusa mguu, aongee kwanza."

"Nitamwambia," akasema. Sijui kama alimwambia.

Sasa nafungasha vifaa vya magari kwenye ghala moja Garland. Napelekwa na Wakongo wenzangu, tunabanana watano na kila mmoja anamcheka mwingine Kiingereza chake. Nacheka nao. Jioni nikilala bado najiona na zile nguo za bluu, ila zamani nilikuwa najua naelekea wapi ndani ya ile ndoto, siku hizi nakuwa nimesimama tu.

Gari lilibaki kwenye maegesho ya nyumba yetu mpaka uongozi ulipobandika karatasi ya rangi ya chungwa kwenye kioo. Namba zimeisha muda, litavutwa. Kuliuza hatukuweza, maana kwa karatasi si letu. Nilimpigia mama wa sufuria kule Iowa, nikamwambia kwa utani, mama, una gari Texas. Akacheka mpaka akakohoa, halafu akalia.

Jumamosi kabla ya siku yenyewe mama akashuka ngazi na ndoo mbili za maji, magoti yale yale.

"Mama, wanakuja kulichukua."

"Najua. Shika kitambaa."

Tukaliosha. Akasugua ule mkwaruzo kana kwamba unatoka. Mimi nikatoa mazulia, nikayakung'uta, nikatoa bima, mwavuli, ganda la pipi. Jirani mmoja Mmeksiko alipita akatuonyesha dole gumba kwamba limependeza. Mama akamwinamishia kichwa kwa heshima.

Kisha akanionyesha upande wa chini, kwenye tairi. "Hapo bado," akasema. Nikapiga magoti nikaendelea.