Mkunga na Mtoto wa Shaba

Torbjørg Hamnes alikuwa mkunga wa kisiwa chetu tangu enzi za kuwafuata wajawazito kwa mashua, theluji ikimpiga usoni. Alipostaafu, baraza liliamua kumjengea sanamu pale gatini, naye yu hai, anapita hapo kila asubuhi akienda dukani.

Msanii aliletwa kutoka mjini. Nia yake ilikuwa njema: mkunga amemnyanyua mtoto mchanga, anamwonyesha jua. Lakini siku pazia lilipovutwa, tarumbeta zilikatika katikati ya wimbo. Mtoto alikuwa mrefu, hana shingo, mdomo wazi, miguu imebanana kama mkia.

“Huyo ni samaki,” alisema nyuma yangu Oddvar, mvuvi mzee. “Tena amenona.”

Kicheko kilianzia kwetu kikafika hadi kwa kasisi. Haikupita wiki, kisiwa kizima kikawa kinaiita sanamu ile Muuza Samaki, na mtu fulani akaivisha aproni. Meya Eilif aliona haya, akaitisha mkutano.

Ukumbi ulijaa. Torbjørg alikaa mbele, anafuma soksi.

“Mama Torbjørg, tumekuvunjia heshima,” meya alisema. “Tutaiondoa, tukutengenezee nyingine.”

“Nani kakwambia nimevunjiwa heshima?”

“Watu wanacheka, mama. Wanasema mtoto anafanana na samaki.”

Torbjørg aliweka sindano mapajani, akageuka, akatutazama safu kwa safu.

“Ni mimi niliyewapokea hapa,” alisema. “Mlikuwa hivyohivyo. Mnateleza, macho mmeyakodoa, midomo wazi. Wewe Eilif ulikuja na rangi ya buluu, nikakusugua mgongo mpaka ukalia. Mama yako alipokuona aliniuliza kama nimemletea kitoweo.”

Eilif aliiva uso hadi masikioni. Halafu akaanza kucheka mwenyewe, na ukumbi ukamfuata.

“Na mimi je?” Oddvar akauliza.

“Wewe alikupokea mama yangu. Mpaka anakufa hakutaka kukuzungumzia. Kaa chini.”

Kura haikupigwa. Sanamu ikabaki, na jina lake likabaki.

Mwezi Mei, siku ya taifa, nilimwona binti mmoja amemlaza kichanga chake miguuni pa sanamu ampige picha. Torbjørg alikuwa anapita. Aliinama, akamvutia mtoto kofia ifunike masikio, akamwambia mama yake, “Upepo huu si wa kuchezea,” kisha akaendelea na safari yake ya kununua siagi.