Namba Kwenye Komeo

Mimi ni fundi wa bunduki zisizopiga tena. Miaka kumi na tisa nimekaa chumba cha nyuma cha makumbusho na lenzi yangu, brashi ya waya na majivuno. Niletee bunduki kuukuu ya jeshi, nitakuambia ilitoka kiwanda gani na mwaka gani kwa kusoma mihuri iliyogongwa kwenye chuma chake. Wenzangu huniita Mganga, na jina hilo nimelipenda kuliko mshahara.

Mwezi uliopita kambi ya jeshi ilitukabidhi bunduki tano za zamani. Kila moja ina namba yake, iliyogongwa kwenye mtutu na tena kwenye komeo, kile chuma unachovuta nyuma unapokoki. Kanuni yetu hata mwanafunzi anaijua: safisha moja, ifunge, ndipo ushike nyingine. Mimi, kwa ujuaji wangu, nilichomoa makomeo yote matano, nikayalowesha kwenye beseni moja la mafuta ya taa, kisha nikayarudisha kwa kukisia, bila kulinganisha namba. Nani angenifundisha kazi mimi?

Siku ya tatu akaja askari mstaafu, mzee wa miaka themanini na kitu, ameshikwa mkono na binti yake.

"Siku hizi anasahau sana, kaka," binti akaninong'oneza. "Ila bunduki yake hajaisahau. Akiiona tu, roho yake itatulia."

Mzee akapita taratibu kando ya meza nilikozipanga zile bunduki, akaigusa ya nne kwenye ufa wa kitako. "Ndiyo hii. Ufa huu niliufunga waya mwenyewe. Namba yake nne saba moja tisa."

Mtutu ulikuwa umeliwa na kutu, hausomeki. Kuisugua ile kutu ilikuwa kazi ya nusu saa, nami niliona uvivu. Nikachungulia komeo.

"Mbili sifuri sita tatu," nikatangaza kwa sauti, maana wageni wengine walikuwa wamesimama wakisikiliza. "Mzee wangu, nyufa ziko kwenye bunduki zote hizi. Labda unachanganya na ndoto."

Wageni wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Mzee akauondoa mkono wake kwenye kitako. "Labda," akasema.

Wiki moja baadaye, nikiandika vibao vya maelezo, nikasoma mtutu wa bunduki ya tano: mbili sifuri sita tatu. Nikaikimbilia ya nne, nikasugua kutu mpaka vidole vikauma. Ikatokea nne, ikatokea saba, kisha moja na tisa. Aliyechanganya nilikuwa mimi.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikajipa moyo kwamba mzee ameshasahau, na kujipa moyo huko kukanitia aibu kuliko kosa lenyewe. Nikaupiga picha ule mtutu, nikaenda kwao.

Binti alinifungulia mlango bila kunikaribisha. "Tangu siku ile haamini chochote anachokikumbuka," akasema. "Juzi kaniuliza kama kweli mimi ni mwanawe, au ameota."

Nikamwomba anipeleke kwa baba yake.

Mzee alikuwa ameketi kitandani, mikono magotini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: beseni, makomeo, uvivu wangu. Nikamwambia kibao kitaandikwa jina lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipapasa mkono kwa huruma.

"Wewe ni kijana mwema," akasema. "Mwanangu amekuomba uje unifariji. Siwalaumu."

"Hajaniomba, mzee! Haki ya Mungu!" Nikamtolea ile picha.

Akaishika karibu na macho, akafuatisha namba kwa kidole, moja baada ya nyingine. Akamtazama binti yake, akanitazama mimi, akanirudishia.

"Haya," akasema kwa upole. "Kama ninyi mnasema hivyo."