Seva Iliyonifanya Nipekuliwe Langoni

Yule muuzaji nilimchukia kabla sijaiona mashine yake. Aliingia ofisini kwetu, kwenye kiwanda cha maziwa ninakofanya kazi hapa Thika, akapita kando ya meza yangu kama mtu anayepita kando ya ndoo, kisha akauliza, "Wenye kitengo cha kompyuta wako wapi?" Kitengo chenyewe kilikuwa watu wawili: mkuu wangu, na mimi mhandisi wa mifumo.

Mkuu akacheka. "Ni mimi," akasema.

Mimi nikaendelea kuchapa, meno yameumana.

Alikuwa ametuletea seva mpya. Ile ya zamani ilikuwa kwenye bohari yetu ya Ruiru, na ilikuwa imechoka. Kila mwisho wa mwezi ilipaswa kukokotoa hesabu ya maziwa ya kila mkulima, na ikichelewa, wakulima wa Murera walikuwa wakipiga simu kutwa nzima kuuliza kwa nini ujumbe haujawafikia. Simu hizo nilizipokea mimi. Mkuu alikuwa hodari wa kuzima yake.

"Hii prosesa yake ina viini vingi kushinda ile yenu mbali sana," muuzaji alisema, akiipiga mashine kofi mgongoni. "Vyote vinafanya kazi kwa pamoja. Mtamaliza kabla chai haijapoa. Sign tu hapa, mkubwa."

"Kabla ya kusaini, tuipime," nikasema.

Mkuu akageuka. "Wewe nawe, kila mtu kwako ni mwizi?"

"Sijasema mwizi. Nimesema tuipime."

Wakahamia Kikuyu. Muuzaji akasema wanawake kama mimi ndio wanaofanya ofisi zikose amani, na mkuu akaitikia. Wote wawili walidhani kwa kuwa wazazi wangu walitoka Kakamega, maneno yao yangenipita. Hawakujua nimelelewa Kiuu, kule kule Ruiru, nikicheza, nikigombana na kusali na watoto wa Kikuyu.

"Nĩndaigua," nikawaambia. Nimesikia.

Mkuu akaangalia dirishani. Mashine ikaachwa nipime.

Nilichukua nakala ya hesabu halisi za wakulima, nikazipa seva zote mbili kazi ile ile. Kwanza nikaagiza kiini kimoja tu cha prosesa kifanye kazi. Mpya ikaiacha ya Ruiru mbali, na moyo ukaniuma, maana nilitaka ishindwe. Nikaongeza viini vichache, bado iliongoza. Lakini nilipoviamsha vyote kwa pamoja, ikapiga magoti. Ile kuukuu ya Ruiru ikamaliza kwanza. Nikapima joto, nikidhani labda prosesa inajipunguzia kasi isiungue. Haikuwa na joto lolote la kutisha. Nikarudia jaribio, jibu likawa lile lile.

Ndipo nikaiuliza mashine ina vipande vingapi vya memori, yaani RAM, ndani. Tulikuwa tumekubaliana na muuzaji kwamba nafasi zote zitajazwa. Ilikuwa na viwili tu. Hapo nikaelewa: viini vyote vilikuwa vikigombania data kwenye njia mbili tu, moja kwa kila kipande, kama harusi nzima inayopakuliwa wali na wapishi wawili. Mgeni akiwa mmoja anahudumiwa mara moja. Wakija wote, kazi kubwa inakuwa kungoja sahani.

Nikamwambia mkuu. Akampigia muuzaji, akaiweka simu kwa sauti ya juu.

"Mimi niliweka zote," muuzaji akasema bila kusita. "Huyo dada ndiye amekaa na mashine. Muulizeni yeye RAM ziko wapi."

Nilitarajia mkuu amkemee. Aliniangalia kuanzia viatu hadi kichwani. "Hivyo vitu vinauzika haraka," akasema.

Jioni, langoni, mama askari akaniomba mkoba. Akatoa kila kitu na kukiweka juu ya meza: kitana, leso, Biblia ndogo, pedi zangu, ndizi iliyopondeka. "Nisamehe, mami. Nimeambiwa," akaninong'oneza. Watu wa zamu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu. Nikasikia mmoja akiuliza, "Ameiba nini?" Uso uliniwaka. Nilitamani kurudi ndani na nyundo, nisibakize kitu kwenye ile seva.

Asubuhi muuzaji akaja na bisibisi mkononi. Nilikuwa nimemtangulia chumba cha seva, na nikasimama kati yake na mashine.

"Hakuna kuigusa," nikasema. "Mkuu, njoo uangalie kwanza."

Mahali mfuniko ulipokutana na ubavu palikuwa na kibandiko cha dhamana, chenye muhuri wa kampuni ya muuzaji mwenyewe. Usingeweza kuufungua mfuniko bila kukichana. Kilikuwa kizima.

"Nilipitisha mkono wapi?" nikauliza. "Nionyesheni tundu."

Mkuu akapitisha kidole juu ya kibandiko, polepole, upande mmoja hadi mwingine. Muuzaji akakohoa. "Basi itakuwa fundi wangu alisahau. Hayo ni makosa ya kibinadamu."

"Jana yalikuwa makosa yangu. Leo yamekuwa ya kibinadamu?"

Vipande vikaletwa, nikavipachika mwenyewe, nikaamsha viini vyote. Safari hii mashine mpya ilimaliza wakati ya Ruiru ingali inahangaika na wakulima wa kwanza.

"Si mnaona?" muuzaji akasema. "Mashine ni safi." Mkuu akampa mkono, wakaenda kantini kunywa chai. Mimi wakaniacha naokota makaratasi ya plastiki sakafuni.

Mwisho wa mwezi hesabu zilitoka mapema na simu za Murera hazikuja. Nilifurahi kwa ajili ya wale wakulima. Kwa ajili ya mkuu sikufurahi hata kidogo. Alinisimamisha koridoni akaniambia, "Ulinitia aibu mbele ya mgeni."

"Wewe ulinitia mbele ya kiwanda kizima."

Hakuomba msamaha. Alipendekeza nihamie bohari ya Ruiru. Eti kuna utulivu, na ni karibu na kwetu. Ni kweli ni karibu, na zamani ningeruka kwa furaha. Nikakataa. Nikamwambia nitabaki kwenye meza yangu, mkabala na yake, ili kila asubuhi akiinua macho anione.

Bado nakaa pale. Hatusalimiani.