Kioo Nilichokataa Kigawiwe

Katika darasa la ngumbaru nililosoma jioni mjini Migori, mwenzangu mmoja, muuza matairi, alituambia kwamba picha za kompyuta hukaa ndani ya kioo. Lile sanduku la pembeni, alisema, kazi yake ni kupitisha stima tu. Niliamini kabla hajafunga mdomo. Si picha tunaziona kwenye kioo? Sasa mtu azitafute wapi kwingine?

Nilihitimu, nikapigwa picha na cheti changu kama rais anayeapishwa, kisha tukahamia Homa Bay, mimi na mke wangu. Kila mtu alimwita nyar Ndhiwa, binti wa Ndhiwa, kwa sababu ndiko alikozaliwa. Tulinunua kompyuta kuukuu yenye kioo cha mgongo mkubwa, kizito kama ndama aliyeshiba. Niliiweka picha yake mbele kabisa, ikakaa hapo mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi, mpaka hata nikiizima mashine, kivuli cha kilemba chake kilibaki kinaonekana kwa mbali kwenye kioo. Nikasema, haya, ushahidi gani tena?

Humo ndani mlikuwa pia na video moja, niliyoihamisha kutoka kwa simu kabla simu yenyewe haijaanguka chooni. Nyar Ndhiwa anachambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye ungo, anainua macho, anagundua kwamba ninamrekodi.

"Wewe jaduong', mzee mzima, maji yameisha nyumbani, na wewe unapiga omena picha!"

Halafu anacheka. Kicheko hicho, naapa, kilivuka maji mpaka kisiwa cha Rusinga na mbuzi wa huko wakaacha kula. Alipofariki, hiyo ndiyo sauti yake pekee niliyobaki nayo. Nilikuwa naifungua kila nikitoka kazini, kabla hata ya kuvua viatu.

Kisha mashine ikaanza kuzima yenyewe. Inafika pale anapotaka kucheka, inakufa. Nikaipepea kwa ungo uleule wa omena. Inawaka, inakufa tena.

Nawe mashine yako ikikufanyia hivyo, hasa ukikaa huku kando ya ziwa, usilaumu mapepo. Chomoa waya ukutani, fungua ubavu wa sanduku, tazama feni. Wadudu wa ziwa hufuata mwanga, feni huwavuta ndani, wanafia humo na kugandamana kama mkate. Watoe kwa brashi kavu ya rangi. Isipowaka bado, chomoa RAM, ile kadi nyembamba, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, uirudishe mpaka isikike imekaa. Ukitaka mashine iwe na kasi, ongeza RAM ya aina ileile, na diski ya zamani uibadilishe kwa zile mpya zisizozunguka. Lakini kabla hujashika hata skrubu moja, nakili vitu vyako kwenye flashi. Haya nayajua leo. Wakati ule nilijua kupepea tu.

Maombolezo yalipokwisha, ndugu zake walikuja kugawana nguo na vyombo vyake, kama tunavyofanya kwetu. Mdogo wake ana duka la kuchapa na fotokopi kule Sindo.

"Shem, hiyo mashine nipe mimi. Itanifaa dukani."

"Chukua sanduku," nikamwambia. "Kioo hakigawiwi. Kila kitu cha dada yako kiko humu."

Alilia, nikalia. Alipoondoka na sanduku lake nilijiona nimewashinda mawakili wote wa Nairobi. Kioo nikakifunga kwa leso ya marehemu, nikakiweka chini ya kitanda.

Mwaka huu tulipanga ibada ya kumkumbuka, nami nikataka kanisa zima lisikie kicheko kile. Nikakipeleka kioo Sindo, nikamwomba shemeji akichomeke kwenye mashine yake. Kikawaka. Yakatokea maua ya manjano anayoyapenda shemeji, na nyuma ya maua, kwa mbali, kile kivuli cha kilemba.

"Sasa fungua video," nikasema.

"Video gani, shem?"

"Ya omena. Anapocheka."

Akageuka kunitazama. "Fundi alipofungua hili sanduku ulilonipa alikuta wadudu, diski nayo imechoka. Akaniuliza kama kuna kitu cha kutunza kabla hajaibadilisha. Nikamwambia hakuna, kila kitu cha dada kiko kwa shemeji. Si ulisema mwenyewe? Nilijua umeshanakili."

"Diski yenyewe iko wapi?"

"Ilienda na vyuma kuukuu. Zamani."

"Lakini kioo ninacho," nikasema. "Hakijaguswa na mtu."

Alivuta kiti, akaketi karibu nami, akanishika mkono.

"Shem, kioo kinaonyesha tu. Video ilikuwa ndani ya sanduku."