Kisanduku Ukutani kwa Antipasi

Mama Evodia alikuja kibandani kwangu Ikungi, ninapotengenezea simu, akaniuliza kabla hajaketi: "Melkiori, kamera inaweza kumwona mwizi wa ardhi?"

Nikamwambia inamwona yeyote aliye mbele yake.

"Basi twende Sepuka."

Mwizi mwenyewe alikuwa jirani yake, Antipasi. Mpaka wa mashamba yao ya alizeti ni mstari wa minyaa, na tawi la mnyaa ukilichomeka ardhini linaota. Kila mwaka kabla ya mvua, Jumapili moja Evodia akiwa kanisani kwenye kwaya, jamaa aling'oa minyaa akaichomeka hatua moja ndani ya shamba la mjane. Miaka saba. Ukilalamika, mwenyekiti wa kijiji anadai ushahidi, na Antipasi anaapa kwa uso mkavu. Sasa ilibaki hatua moja tu mpaka huo ufike kaburini kwa Simeoni, mume wa Evodia, na nyuma ya mpaka hufuata jembe la ng'ombe.

"Sitaki aniombe radhi," Evodia aliniambia njiani. "Nataka aaibike mpaka akose pa kuweka uso."

Nilimpenda hapo hapo. Shamba la marehemu baba yangu lililiwa vivyo hivyo, nami nikanyamaza kama bwege.

Kamera tuliificha ndani ya mzinga mtupu, tukautundika kwenye mgunga ulio kando ya mpaka. Watu hawachungulii mzinga. Tatizo likawa waifai. Nyumba ya Evodia iko mwinukoni, mtandao unashika vizuri, lakini waifai yake ilikufa hatua mia na ishirini tu kutoka dirishani, na mgunga uko zaidi ya hatua mia mbili. Nilikuwa nimebeba repeata, kile kisanduku kinachopokea waifai na kuisukuma mbele. Kwa haraka zangu nikaifunga jirani na kamera, nikaiwasha kwa betri ya kujaribia. Kimya. Kosa langu: repeata haitengenezi mawimbi, inarudia inayoyasikia, na kule bondeni haikusikia kitu. Ilitakiwa ikae katikati, mahali penye umeme. Na katikati palikuwa na nyumba moja tu, ya Antipasi.

"Tumekwama, mama," nikasema.

Evodia akacheka. Tangu tuanze kazi sikuwa nimemwona akicheka.

Kwa Antipasi mtandao hakuna kabisa. Binti yake Yunisi anafanya kazi za ndani Maskati, na kila Ijumaa Antipasi na mkewe Rahabu walikuwa wakipanda jabali kumsikia kwa sauti ya kukatika-katika. Evodia alilijua hilo.

"Shemeji," alimwambia, "nataka kuvuta waifai mpaka shambani. Kisanduku kikikaa ukutani kwako, nanyi mtatumia bure. Mtamwona Yunisi uso kwa uso."

"Shambani kuna nini, shemeji?"

"Kuna mzinga. Nataka niutazame ndani nikiwa nyumbani, nijue nyuki wakiingia."

Antipasi alileta ngazi mwenyewe, akapanda mwenyewe, akagongea misumari chini ya bati. Mimi nilimpa nyundo huku nikiuma midomo nisicheke. Kuna watakaosema tulimfanyia ubaya mtu aliyetukaribisha. Waseme. Hawajawahi kunyang'anywa.

Jumapili ya tatu, simu ya Evodia ilitetemeka katikati ya ibada. Akaitazama mapajani: Antipasi ameinama, mnyaa mkononi, uso wake ukionekana wazi. Akaendelea kuimba, na wenzake wanasema siku hiyo sauti yake ilisikika mpaka barabarani.

Kwenye mkutano wa kijiji simu ilipita mkono kwa mkono. Watu walicheka, wengine wakazomea. Lakini mwenyekiti akaamua kwamba kamera imeona hatua moja, basi irudishwe hatua moja. Zile saba nyingine hazina ushahidi.

Evodia hakubisha. Alirudi nyumbani, akanipigia simu nimwelekeze namna ya kubadilisha neno la siri la waifai walilopewa kwa Antipasi, kamera ibaki na lake.

Ijumaa Rahabu akaja mbio. "Shikamoo dada. Yunisi hapatikani."

"Marahaba. Mwanao sina ugomvi naye. Mwambie baba yake aje."

Antipasi akaja, macho chini. Evodia hakumpa hata kigoda.

"Hatua zote nane," akamwambia. "Kwa mikono yako. Nakutazama kwenye simu."

Ilimchukua siku mbili. Utomvu wa minyaa unachoma, na kila alipojipangusa jasho uliingia machoni. Mara nne alitazama juu kwenye mzinga na kupunga mkono kwamba amemaliza. Mara tatu Evodia alimtuma Rahabu akamwambie bado. Mimi niliitwa kuja kupima mstari, na nilipima polepole, sifichi.

Kisha tukaenda wote uani kwa Antipasi. Evodia akaingiza neno la siri kwenye simu ya Rahabu, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Uso wa Yunisi ukatokea.

"Shikamoo baba. Mbona macho yamevimba hivyo? Unalia?"

"Ni minyaa tu, mwanangu."

"Minyaa ya nini?"

Antipasi akamtazama Evodia, naye akamtazama vile vile, bila kupepesa.

"Mwambie," akasema.

Antipasi akamwambia yote, miaka na hatua, na kaburi. Rahabu alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

"Na huu mtandao, baba," Yunisi akauliza mwishowe, "ninaokuonea wiki zote hizi, uliniambia umeuvuta wewe. Ni wa nani?"

Antipasi akakitazama kisanduku chini ya bati.

"Wa Mama Evodia."