Maneno ya Fundi Ukutani

Fundi ndiye mtu wa kwanza kuniita karani. Aliniita hivyo kwa mzaha, kwa kuwa nilikuwa nimetoka chuo kikuu miezi michache tu, na sikuweza kushuka ngazi bila daftari mkononi.

"Karani, kikohozi changu cha asubuhi umekiandika?"

"Bado, mzee."

"Kiandike. Kesho wataniuliza kama nilikohoa."

Nilicheka, kisha nikakaa kutwa nikijiuliza kama kuna aliyelalamika kwamba naandika kupita kiasi. Ndivyo nilivyokuwa.

Kituo chetu kilikuwa ghorofa ya juu ya nyumba kongwe ya Mji wa Kale. Chini kulikuwa na karakana ya fundi. Tulifundisha wauguzi, maseremala na makarani wa baraza la mji jambo moja tu: ukitaka kubuni kitu, anza na mtu atakayekitumia. Nenda kamtazame akifanya kazi yake. Msikilize. Maneno yake yaandike kama alivyoyasema, usiyapige randa. Maneno hayo tuliyaandika kwenye vipande vya karatasi ya manila, tukavibandika ukutani, na hakuna aliyeruhusiwa kushika penseli ya kuchorea kabla ukuta haujajaa.

Uongozi ulikuwa wa watu watatu. Mkurugenzi alikuwa mama wa papo hapo Mji wa Kale, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya wasichana; akisema "tafadhali" ulijikuta umesimama. Mkuu wa mafunzo alitoka upande wa Kaloleni, Mkristo, afisa wa afya wa zamani, mwenye kicheko kilichosikika hadi barabarani. Wa tatu alikuwa fundi, seremala asiye na cheti chochote. Mkurugenzi alimtia kwenye uongozi tangu siku ya kwanza, makusudi. Alisema watu wawili wenye vyeti hukubaliana haraka mno, lazima awepo wa kuwauliza. Mimi nilikuwa katibu wao.

Na kweli aliwauliza. Siku moja viongozi wawili wenye vyeti walichora meza ya kuparia samaki kwa akina mama wa Liwatoni. Meza nzuri, yenye mfereji wa maji. Fundi aliitazama ile picha, akaizungusha, akauliza, "Hawa mama hupara samaki wamekaa au wamesimama?" Tulikuwa tumekwenda Liwatoni mara tatu, tumejaza ukuta, na hakuna aliyeliandika hilo kwa sababu hakuna mama aliyelisema. Walikuwa wakikaa. Meza ile ingewafika kidevuni.

Kikao cha uongozi kilikuwa kila Jumatatu baada ya chai, na kilikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, mdogo kwa umri husema kwanza. Hiyo ilikuwa ya fundi mwenyewe; kwenye karakana ya mjomba wake, alikojifunzia kazi, anayebeba ubao ndiye aliyeulizwa kwanza. Ya pili ilikuwa ya mkurugenzi: anayefuata hajengi upya, hujenga juu ya neno la aliyetangulia. Hakuna kubomoa. Kanuni hizi zilifundishwa kwa kila darasa, na wanafunzi walizipenda. Mimi zilinisumbua. Mdogo wa umri nilikuwa mimi. Kila Jumatatu neno langu lilikuwa msingi, na ungeona watu wazima watatu wakijenga juu yake kwa adabu, hata likiwa neno la kipuuzi.

Kisha ikaja barua ya mfadhili wa kituo. Alitaka mchoro wa uongozi: kila kiongozi, cheo chake, na safu ya mwisho, elimu yake. Mkurugenzi aliisoma Ijumaa, akaikunja, akasema jambo hilo litaletwa Jumatatu kama mambo mengine. Hakusema zaidi. Fundi alikuwapo. Alikuwa akifuta vumbi la mbao kwenye ukosi wa shati lake.

Sote tulijua swali ni nini. Je, fundi abaki kiongozi katika ule mchoro, safu yake ya elimu ikiwa tupu, au aandikwe mshauri, jina la heshima lisilo na kiti?

Nilitaka abaki. Ninaliandika hilo wazi hapa, kwa sababu siku ile halikuonekana. Jumapili nilimsindikiza mama yangu Biashara Street kununua leso za arusi, na dukani, yeye akisoma majina yaliyochapishwa kwenye leso moja baada ya moja, mimi nilikuwa nikikariri: fundi abaki, safu ile tuandike miaka yake ya kazi. Sentensi moja. Mama akaninyooshea leso mbili. "Hii au hii?"

"Zote nzuri."

"Sikuuliza hilo."

"Ile ya kushoto... ila ya kulia nayo rangi yake imetulia. Wataka ya kuvaa mwenyewe au ya kutoa?"

Mama akamgeukia mwenye duka. "Huyu nimemsomesha miaka kumi na sita," akamwambia, na mwenye duka akacheka kwa heshima.

Jumatatu nikaamka na sentensi yangu ikiwa nzima. Nikapanda nayo ngazi. Tukaketi kwenye viti vinne ambavyo fundi alivitengeneza mwenyewe. Cha mkurugenzi kilikuwa na mgongo mrefu kwa ajili ya maumivu yake. Mkurugenzi akasoma barua, akanitazama. "Tafadhali."

Nikafungua kinywa, nikamwona fundi. Alikuwa ameweka mikono magotini kama mgeni. Hapo mawazo yakaanza kupandana. Nikimtetea mbele yake, si nitakuwa nimesema kwamba anahitaji kutetewa, na mtoto kama mimi? Na kama mwenyewe hataki? Nani amemuuliza? Kazi yetu yote ni kutomwamulia mtu. Nikakumbuka kwamba Alhamisi iliyopita, akishuka ngazi nyuma yangu, alisema jambo, nami nikaliandika kama nilivyoandika kila kitu. Nikafungua daftari. Nakumbuka nilipata nafuu, kama mtu aliyepata ukuta wa kuegemea. Sikuhitaji tena kuwa na rai. Nilikuwa na maneno ya mwenyewe.

Nikasoma: "Vikao vyenu hivi vyanivunja mgongo, karani. Iko siku nitawaachia viti vyenu."

Mkuu wa mafunzo alimtazama fundi, akanitazama mimi. Kicheko chake hakikutoka. Zamu ilikuwa yake, na kanuni aliijua kuliko wote kwa kuwa ndiye aliyeifundisha.

"Kwa kujenga juu ya hilo," akasema polepole, "kama vikao vinamchosha mzee, basi... huenda ni haki tumpunguzie."

Mkurugenzi alikuwa akizungusha kifuniko cha kalamu. "Kwa kujenga juu ya hilo. Mshauri angeitwa pale tu tunapomhitaji. Asingelazimika kupanda ngazi kila Jumatatu." Kisha akaongeza, na sauti yake haikuwa ya mwalimu mkuu, "Mzee, wewe ndiwe wa mwisho. Sema."

Alikuwa wa mwisho kwa sababu alikuwa mkubwa wetu. Kabla ya kusema, alinitazama mimi. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Maneno ni yangu," akasema. "Nimeyasema, kijana hakuongeza. Sasa niyakane?"

Nilitaka kusema kwamba alikuwa akitania. Alicheka alipoyasema, akanigonga bega. Lakini zamu yangu ilikuwa imepita, na kurudi nyuma kungekuwa kubomoa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nikaandika katika kumbukumbu: imekubaliwa na wote. Mkuu wa mafunzo akakata kipande cha manila, kwa mazoea tu nadhani, akaandika maneno ya fundi na kuyabandika ukutani, karibu na yale ya akina mama wa Liwatoni. Alasiri hiyo nikachora mchoro, masanduku mawili juu na moja pembeni lenye mstari wa vitone. Ukaenda posta siku iliyofuata.

Jumatano nikashuka karakana na mahamri niliyoyanunua Makadara. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, lakini salamu zilikuwa ndefu. Aliniuliza hali yangu, ya mama, ya arusi, ya jirani wetu aliyelazwa. Kila nilipokaribia, aliuliza hali ya mtu mwingine. Mwisho nikasema, "Mzee, kuhusu Jumatatu—"

"Mambo ya Jumatatu yamekwisha Jumatatu." Akanisogezea kikombe cha kahawa. "Kunywa, bwana."

Sikulijali wakati ule lile "bwana" lililochukua nafasi ya "karani".

Wiki kadhaa baadaye mkurugenzi aliniita. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta, miwani mkononi.

"Siku aliyosema haya," akauliza, "alikuwa akicheka?"

"Ndiyo."

"Hukuandika."

"Hukutufundisha kuandika kicheko." Nilijuta mara moja, lakini hakunikemea.

"Ni kweli," akasema. "Hatukufundisha."

Nikamuuliza kama tunaweza kumwandikia mfadhili na kuubadilisha mchoro. Akasema mchoro ni karatasi, anaweza kuubadilisha leo. "Lakini nilishuka jana kumwomba apande. Amekataa kwa adabu. Asema mgongo." Akavaa miwani, akayasoma tena yale maneno. "Na mimi nilijua ni mzaha, unaona. Nilijua papo hapo. Ila nilikuwa nimewaambia watu miaka yote kwamba neno la mtu haliguswi." Nilimngoja akibandue kile kipande. Hakukibandua. Nami sikukibandua.

Vikao viliendelea. Nilisema kwanza, wawili wakajenga, na kwa kuwa hakuna wa kuuliza tulimaliza mapema. Kiti cha nne tulikiwekea mafaili.

Fundi alinijibu kila siku, bila kinyongo. Sabalkheri, nikapata sabalkheri njema. Nikiuliza mbao zimefika, zimefika. Nikiuliza hali, alhamdulillahi. Nilimaliza mwaka wangu pale nikipita karakana asubuhi na jioni, na mara nyingine nilisimama mlangoni nimefunga daftari, nimelificha nyuma ya mgongo, nikingoja aniambie chochote kuhusu kikohozi chake. Aliinua kichwa, akaweka randa chini, akasimama kama unavyosimama akiingia mtu wa ofisini.

"Karibu, bwana. Nikusaidie nini?"