Mabati ya Ghala la Mbata

Mwanne binti Kitwana alikuwa mkulima wa mihogo huko Msimbu, mwanamke mpole ambaye hakuna aliyedhani angefika mahakamani. Baba yake alipofariki mwaka 1947, aliacha pale Kisarawe jengo lenye maduka matatu na ghala la mbata, yaani nazi kavu. Kaka yake, Mwishehe, akadai kwamba marehemu alimpa jengo lote akiwa hai. Mwanne akakataa, wakafikishana mahakamani. Hakimu akaamuru jengo lishikwe na msimamizi mpaka kesi iishe, akamteua mfanyabiashara aitwaye Zahoro.

Masika yalipofika, wapangaji walianza kuhama. Sikudhani, mshonaji, alimwonyesha Mwanne vitambaa vilivyoota ukungu. Ghala la nyuma lilikuwa halina paa, na maji yalipita chini ya mlango mpaka dukani. Zahoro alisema kwamba mabati yalikuwa yameoza na kwamba ameyatupa.

Mwanne hakubishana naye. Alikuwa amesikia kwamba Zahoro anajenga Marui, akaenda kwa miguu kutazama. Juu ya nyumba ile mpya aliyaona mabati ya baba yake, na viraka vya lami alivyovibandika yeye mwenyewe zamani, mzee akimshikia ngazi.

Wakati wa kurudi akapita kwa kaka yake. Walikuwa hawajasemezana mwaka mzima.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba,” akajibu Mwishehe bila kuinua uso.

“Ugomvi wetu uko palepale. Lakini Zahoro ameezekea nyumba yake mabati ya baba; tusipomtoa kwanza, atakayeshinda atapewa kuta tupu.”

Mwishehe akainua uso. “Nitakuja mahakamani,” akasema.

Ndugu hao walipomweleza, hakimu alimtuma tarishi Marui, naye akaviona viraka vile vile alivyoelezwa. Zahoro akaondolewa, akaamriwa ayarudishe mabati.

“Unataka ukabidhiwe jengo wewe?” hakimu akamuuliza Mwanne.

“Hapana, Bwana Hakimu. Mimi ni mdai. Mpeni Isihaka, mwashi wa Mlandizi.”

Mwishehe akageuka kumtazama. Isihaka alikuwa rafiki yake yeye.

“Kwa nini huyo?” hakimu akauliza.

“Ni mtu wa kaka yangu, najua. Lakini sijasikia amegusa cha mtu.”

Isihaka aliliezeka ghala kabla ya mvua za vuli. Mwaka uliofuata mahakama iliona jengo ni mirathi, Mwanne akapata theluthi yake. Mwishehe hakuipenda hukumu. Hata hivyo, msimu huo alikwenda Msimbu na jembe lake, akalima siku tatu shambani kwa dada yake.